Kuchora mpango wa nyumba za komini kwenye kiwanja kilichoachwa Lubumbashi: anza na udongo, paneli zitangoja

Maswali yanayonifikia ni yale yale: paneli za jua ngapi kwa kila nyumba, matofali gani, SNEL, shirika la umeme, watatupa laini lini. Karibu hakuna anayeanza kwa kuuliza udongo wa kile kiwanja una nini ndani yake, wala ni jina la nani limeandikwa kwa Conservateur, msajili wa hati za ardhi. Hapa Lubumbashi, mambo hayo mawili ndiyo yanayoua miradi, na yote mawili unaweza kuyajua kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Kwa hiyo namwandikia yule aliyewekwa kwenye kamati ya komini (serikali ya mtaa ndani ya jiji), au kijana wa ofisi ya uhandisi, aliyeonyeshwa karakana ya zamani yenye mlango uliooza na kuambiwa: "Tupangie hapa nyumba za kupangisha, zisizokula umeme." Ninaposema nyumba za komini nina maana ya nyumba ambazo komini inabaki nazo, inazipangisha kwa kodi ambayo mwalimu au fundi anaiweza, na inazitunza yenyewe. Kama mpango ni kuuza viwanja, mwongozo huu si wako.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Uamuzi wa maandishi wa komini au jiji unaotaja kiwanja na kazi uliyopewa. Kwa sheria ya 7 Oktoba 2008 komini ina utu wa kisheria, inaweza kuingia mkataba kwa jina lake. Maneno ya burgumestre, mkuu wa komini, kwenye mkutano hayatoshi.
- Nakala ya hati ya ardhi na ramani ya mipaka kutoka kadasteri, ofisi ya upimaji wa ardhi.
- Pesa ya vipimo, iliyotengwa mbali na pesa ya ujenzi. Ukiziweka pamoja, vipimo ndivyo vitakavyokatwa kwanza.
- Mpimaji, mchora ramani, fundi umeme, na mtu mmoja anayewajua wakaaji wa kartie (mtaa) kwa majina.
- Msimu mmoja wa mvua. Kiwanja ulichokiona Agosti tu hujakiona.

1. Tafuta mwenye kiwanja kwenye karatasi

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia tu, na inayothibitisha haki hiyo ni hati ya usajili. Viwanja vingi vilivyoachwa hapa viliwahi kuwa vya kampuni ya Serikali: reli, mgodi, kiwanda. Kuachwa hakufuti hati. Nenda kwa Conservateur des titres immobiliers, uombe kuona kitabu chenyewe, usiridhike na fotokopi uliyoletewa.

Angalia hasa kama kuna kona iliyokatwa na kupewa mtu mwingine. Hati ikishapita miaka miwili tangu itolewe, kuipinga ni vigumu mno. Ukigundua kipande kimesajiliwa miezi 18 iliyopita, wakili aitwe wiki hiyo hiyo.

Jambo moja la ukubwa: kwa ardhi ya mjini isiyozidi hekta 10, mkataba uko ndani ya uwezo wa gavana. Juu ya hapo faili inapanda hadi kwa waziri, Kinshasa. Hekta 9 zilizopangwa vizuri ni bora kuliko 11 zinazosubiri sahihi.

2. Kisha tafuta wenye kiwanja walio juu yake

Hakuna kiwanja kitupu mjini. Kuna mama aliyelima mahindi kando ya ukuta, zamu (mlinzi) anayelala kwenye ofisi ya zamani na familia yake, vijana wanaotengeneza magari, na njia ya mkato ambayo watoto wote wa kartie hupita kwenda shule. Pita na shefu wa kartie, andika kila mmoja na anachofanya, piga picha, na kila mtu atie sahihi kwenye karatasi yake. Wanaotakiwa kuhama walipwe kabla ya tingatinga kufika. Mavuno yasubiriwe, maana mahindi yanakomaa Machi au Aprili na mradi wako hautakufa kwa wiki chache.

Njia ya mkato iache. Ukiifunga, ukuta utabomolewa.

3. Pima udongo

Hapa ndipo ninapokuomba usiharakishe.

Tanuru la shaba la Lubumbashi liliwashwa 1911. Kwa miongo mingi moshi wake ulibeba vumbi la shaba, zinki, risasi, kadmi na arseniki, na kwa kuwa upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, vumbi hilo lilitua zaidi upande wa kaskazini-magharibi ya bomba la moshi la tanuru. Penga Penga, upande huo, ndipo lilipoonekana wazi: miti ilikufa, udongo ukabaki mtupu. Na hata mbali na moshi, karakana ina sumu zake: kona walipobadilisha betri, shimo la mafuta machafu, transfoma ya zamani iliyovuja.

Anza kwa macho. Ukiona sehemu isiyo na majani hata Februari, au imeota *Haumaniastrum katangense*, lile ua dogo la zambarau linalopenda udongo wenye shaba, weka kigingi. Nyasi ya *Microchloa* ikisimama peke yake nayo ni ishara. Mimea lakini haisemi chochote juu ya risasi, na risasi ndiyo inayowadhuru watoto, kwa sababu wanatia mikono mdomoni. Kwa hiyo:

- Gawa kiwanja kwa miraba ya mita 20 kwa 20.
- Kila mraba, chota sehemu tano, changanya, tia mfukoni. Fanya hivyo kwa sentimita 10 za juu, kisha kwa kina cha sentimita 40 hadi 50. Andika namba kwa kalamu isiyofutika.
- Kona za betri, mafuta na rangi zichotwe peke yake. Ukizichanganya na udongo mwingine, unaficha sumu kwenye wastani.
- Pitisha mifuko yote kwenye bunduki ya eksirei, ile wanayopimia mawe ya shaba. Mji huu unazo nyingi. Halafu peleka sehemu ya kumi ya mifuko maabara, ulinganishe.

Namba ya kulinganisha? Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kama kikomo cha kuanza kuchunguza mahali pa makazi, na 2024 ikashusha hadi 200. Mimi natumia 200 kwa mahali pa kuchezea na bustani.

Udongo ukiwa mchafu kiasi, si lazima ubebwe wote. Weka barabara na maegesho juu ya sehemu mbaya. Kwenye ua, tandaza kitambaa cha kuzuia kuchanganyika, juu yake sentimita 50 za udongo safi, na bustani za mboga ziwe kwenye vitanda vilivyoinuliwa. Sehemu za betri zichimbwe na kuondolewa.

Kosa la kila siku: kufyatua matofali kwa udongo wa kiwanja chenyewe "ili kupunguza gharama" kabla ya majibu kurudi. Hapo umeitoa sumu ardhini ukaiweka ukutani, karibu na kitanda cha mtoto.

Na paa la karakana: yale malata ya kijivu ya eternit yaliyopinda mawimbi yachukulie kuwa yana asbesto hadi maabara ikatae. Yalowanishwe, yafunguliwe bila kuvunjwa, yafungwe kwa plastiki mara mbili. Usimruhusu mtu yeyote kuyapiga nyundo wala kufagia vumbi lake likiwa kavu.

4. Tazama maji yanapopita

Nenda siku ya mvua kubwa ya Januari, na buti. Angalia maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Kwenye ukuta wa karakana ya zamani mara nyingi kuna mstari wa matope mekundu: kile ndicho kipimo cha mafuriko, ni bora kuliko ramani yoyote. Upande wa dembo, bonde la majimaji, usijenge. Acha nyasi, uwanja wa mpira, dimbwi la kupokea mvua.

5. Panga safu kwa jua

Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,200. Tunasahau kwamba huu ni mji wa baridi Juni na Julai, na wa joto Septemba na Oktoba. Nyumba nzuri inapokea jua la Juni na kulikataa la Oktoba, bila mashine yoyote.

Hesabu ni rahisi. Tarehe 21 Juni saa sita mchana, jua liko kaskazini kwa nyuzi 55 kutoka upeo wa macho. Mwanzo wa Septemba limepanda hadi 70. Karibu na 24 Oktoba liko utosini kabisa. Sasa chukua ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita 2.7, upenu wa sentimita 80, na dirisha linaloanza sentimita 90 kutoka sakafuni. Juni kivuli cha upenu kinashuka mita 1.14 tu, kwa hiyo sentimita 66 za chini za dirisha zinapata jua na chumba kinapata moto. Septemba kivuli kinashuka mita 2.2, dirisha lote liko ndani yake.

Basi:

- Safu ziende mashariki hadi magharibi. Sebule na vyumba vitazame kaskazini.
- Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha kubwa. Weka choo, stoo au ngazi upande huo.
- Nyumba za ghorofa moja zenye kimo cha mita 6 zinatupa kivuli cha mita 4.2 mchana wa Juni, kirefu zaidi asubuhi. Acha mita 8 kati ya safu na safu.
- Kila chumba kiwe na matundu pande mbili, upepo upite.

Kiwanja chenye umbo baya kitakusumbua. Wachora ramani wengi hufuata barabara, nyumba zote zinaangalia lami, nusu yake zinapigwa na jua la saa kumi. Geuza nyumba, mlango utafutiwe njia.

Kabla ya kuchora pita Ruashi, kwenye nyumba za OCA, ile Office des Cités Africaines, shirika la nyumba la enzi ya ukoloni lililoanzishwa 1952. Angalia upenu na nafasi za kati, na angalia wapangaji walichoongeza wenyewe. Karibu kila mara ni jiko la nje. Tutarudi hapo.

6. Paa kwanza, kuta baadaye

Jua likiwa utosini, linalopigwa ni paa. Lata (bati) tupu ni jiko: mchana linachoma, usiku wa Juni linatoa moto wote nje na asubuhi linadondosha umande kitandani. Chagua lata la rangi nyeupe au lipake chokaa, weka dari, acha nafasi ya hewa ya sentimita 20 au zaidi kati yao yenye matundu pembeni yaliyofungwa kwa wavu, na juu ya dari tandaza kizuia joto. Pesa ikipungua, punguza vigae vya sakafu, usiguse dari.

7. Kuta

Matofali ya kuchoma yanakula miombo, msitu ule ule unaotupa makala (mkaa), na kila mwaka unakuwa mbali zaidi na mji. Mimi nashauri vitalu vya udongo vilivyoshindiliwa kwa mashine, sentimita 29.5 kwa 14 kwa 9, vyenye saruji asilimia 5 hadi 8.

Udongo upimwe kwa chupa: jaza theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga na changarawe chini viwe zaidi ya nusu. Udongo wa kichuguu peke yake una mfinyanzi mwingi mno, utapasuka. Uchanganye na mchanga. Baada ya kufyatua, funika kwa bashi (turubai) na mwagia maji wiki mbili, usijengee kabla ya siku 28. Fundi atakuambia vimekauka siku ya tano. Vimekauka kweli, lakini saruji ndani haijakomaa.

8. Jikoni ndiko nguvu inakoishia

Miradi mingi inahesabu taa na friji, inasahau mbabula, jiko la makaa. Katika nyumba ya kawaida hapa, nguvu nyingi inateketea kupika, na inateketea kwa makala. Ukijenga nyumba yenye taa nzuri na jiko baya, hujaokoa kitu.

Kuna hatari kubwa zaidi. Julai, usiku, mama anachukua mbabula yenye makaa mekundu anaiingiza chumbani, anafunga mlango na kuziba tundu la dirisha kwa kitambaa. Moshi hauonekani tena, kwa hiyo anadhani ni salama. Gesi ya makaa haina harufu, na inaua familia nzima ikiwa imelala. Chumba kinachopata jua la Juni na chenye dari nzuri kinapunguza sababu ya kuingiza mbabula. Weka pia tundu la juu lisilozibika, kwenye kila chumba cha kulala.

Kwa jiko lenyewe:

- Kila nyumba iwe na baraza lake la kupikia, lenye paa, ukuta wa kukinga upepo na bomba la moshi. Jiko la pamoja usilijaribu. Sufuria zitapotea na ugomvi utaanza wiki ya kwanza.
- Acha nafasi na soketi yenye waya wake kwa sufuria ya umeme ya kubana mvuke. Maharage yanaiva kwa chini ya nusu uniti (kilowati-saa) hivi. Bukari (ugali) itaendelea kusongwa kwenye moto, usibishane na hilo.
- Stoo ya makala isiyoingia mvua. Makala yaliyolowa maji yanatumika zaidi.

9. Umeme, na sasa paneli

Waandikie SNEL mapema, uombe jibu la maandishi juu ya uwezo wa kabini (kibanda cha transfoma) iliyo karibu. Waya za nyumba zipangwe ukijua delestaje, mgao wa umeme, ipo.

Paneli anza nazo kwa vitu vya pamoja: pampu ya foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine) na taa za ua. Mfano: pampu ya kilowati 1.1 kwa saa 3 ni uniti 3.3. Taa 20 za wati 10 kwa saa 11 ni uniti 2.2. Jumla 5.5 kwa siku. Hesabu kwa mawingu ya Januari, si kwa anga la Agosti: saa 4.5 za jua kamili, toa asilimia 30 ya upotevu, unapata kilowati 1.75. Paneli nne za wati 450 zinatosha. Betri ya lithiamu ya uniti 3.5 inabeba taa usiku na akiba kidogo. Pampu ifanye kazi mchana tu, ijaze tangi lililo juu. Tangi la maji ni rahisi kuliko betri.

Paneli zitazame kaskazini, zilale nyuzi 12 hadi 15 ili mvua izioshe. Kiangazi mtu azifute. Vumbi letu jekundu linajulikana.

10. Vibali

Mchoro wa kwanza ukiwa tayari, na si baada ya mchoro wa mwisho, anza utafiti wa athari za mazingira na jamii. Sheria ya 9 Julai 2011 inaudai kabla ya mradi, na Agence Congolaise de l'Environnement ndiyo inayoupitia. Kibali cha kujenga kinapitia ofisi ya Urbanisme et Habitat, yaani mipango miji na makazi. Wafadhili wengi wanaelewa EDGE, cheti cha majengo kinachodai uokoe angalau asilimia 20 kwenye nguvu, kwenye maji, na kwenye vifaa vya ujenzi. Programu yake ya hesabu ni ya bure intanetini; itumie hata kama hutaki cheti.

11. Kodi na matunzo

Amua kabla ya kujenga: kodi kiasi gani, inalipwa wapi, sehemu gani haiguswi na inaingia akaunti ya matunzo. Andika pia nani anabadilisha betri ikifa. Orodha ya wapangaji ibandikwe ukutani kwa vigezo vilivyoandikwa, la sivyo nyumba zote zitaishia kwa ndugu za wenye ofisi.

Mambo yakikwama

*Kona moja imerudi na risasi nyingi.* Rudia vipimo kwa mita 5 kwa 5 ujue mpaka wake. Mara nyingi ni sehemu ndogo kuliko ulivyoogopa, na inachimbika.

*SNEL wanasema kabini imejaa.* Omba gharama ya kabini mpya, iingize kwenye bajeti kama jengo mojawapo. Kuunganisha kwa siri kwenye laini ya jirani kutaunguza mita za watu.

*Pesa inatosha nusu.* Jenga safu chache zikamilike na dari zake. Usijenge zote bila dari ukitegemea awamu ya pili.

*Vitalu vinapasuka vikikauka.* Mfinyanzi umezidi, au bashi iliondolewa mapema. Ongeza mchanga, jaribu vitalu kumi kabla ya kuendelea.

*Wapangaji wanalalamikia baridi Juni.* Angalia kwanza kama mti au jengo jipya limeziba kaskazini, kisha panda darini: fundi wa antena huenda alisogeza kizuia joto akaacha shimo.

*Umande unadondoka darini alfajiri.* Matundu ya nafasi ya hewa yamezibwa, kwa kawaida na viota vya ndege au na mpangaji anayeogopa panya. Fungua, rudisha wavu.